Huduma zinazomfanya mpangaji abaki: Mwongozo kwa wenye nyumba na wapangaji wa Mombasa

Kila mwisho wa mwezi, katika mitaa ya Kisauni, Likoni, Changamwe na Mikindani, mikokoteni na tuktuk zilizopakia magodoro, masufuria na mitungi ya gesi huonekana zikitoka ploti moja kwenda nyingine. Baadhi ya wanaohama wamepata kazi mahali pengine, au familia imeongezeka. Lakini wako wanaohama umbali wa mitaa miwili tu, na kodi wanayoenda kulipa ni ile ile au hata ya juu zaidi. Wanachokimbia si kodi. Ni bomba lisilotoa maji, choo kilichojaa, ngazi yenye giza au chumba kisichopitisha upepo.

Kuhama huko kuna gharama kwa pande zote mbili. Mpangaji hulipa usafiri na dipoziti mpya, na wakati mwingine mtoto hulazimika kubadilisha shule katikati ya muhula. Mwenye nyumba naye hubaki na chumba kitupu, rangi ya kupaka upya na dalali wa kulipa. Makala haya yanaeleza ni huduma gani zinazomvutia mpangaji na, zaidi ya hapo, zinazomfanya akae. Kwa ufupi, mpangaji huvutwa na anachokiona siku ya kwanza, lakini hukaa kwa sababu ya anachokitumia kila siku. Mwenye nyumba mwenye fedha chache atumie kwanza kwa kile cha kila siku.

Hesabu ya chumba kitupu

Tuchukue mfano wa ploti yenye vyumba 10, kila kimoja kikilipiwa Sh6,000 kwa mwezi. Vyumba vyote vikiwa na watu mwaka mzima, mapato ni Sh720,000. Mwenye nyumba akiongeza kodi kwa Sh300 kila chumba, anatarajia kupata Sh36,000 zaidi kwa mwaka. Lakini wapangaji sita wakihama mwaka huo, na kila chumba kikae mwezi mmoja bila mtu, Sh36,000 hizo zimepotea zote, kabla ya kuhesabu rangi na vitasa vipya.

Hesabu hiyo hiyo husomeka kwa upande wa pili. Huduma itakayowazuia wapangaji sita wasihame ina thamani sawa na kuongeza kodi kwa Sh300 kila chumba, na haimuudhi mtu yeyote.

Kuna jambo jingine la kukumbuka. Tangu Januari 2024, ushuru wa mapato ya nyumba za makazi kwa wenye mapato ya kati ya Sh288,000 na Sh15 milioni kwa mwaka ni asilimia 7.5 ya kodi yote iliyokusanywa. Hulipwa kwa Mamlaka ya Ushuru (KRA) kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Katika mpango huo gharama za matengenezo hazitolewi kabla ya kukokotoa ushuru. Fedha za tangi, rangi au taa zinatoka katika kile kinachobaki, hivyo ni muhimu kuchagua vizuri kipi kinaanza na kipi kinangoja.

Maji ndiyo ya kwanza

Mombasa haina chanzo chake kikubwa cha maji. Maji ya mfereji hutoka kaunti jirani: visima vya Baricho kando ya Mto Sabaki katika Kaunti ya Kilifi, chemchemi za Mzima katika Kaunti ya Taita Taveta, na chemchemi za Marere pamoja na visima vya Tiwi katika Kaunti ya Kwale. Bomba linapopasuka njiani au mitambo ikikosa stima, mitaa hukaa bila maji. Ndiyo maana mpangaji wa Mombasa huuliza habari za maji kabla ya kuuliza habari za vigae.

Huduma hapa si bomba peke yake, ni akiba. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mtu mmoja anahitaji kati ya lita 50 na 100 za maji kwa siku kwa mahitaji yake ya msingi. Ploti ya vyumba 10 yenye watu watatu kila chumba ina watu 30. Kwa kiwango cha chini cha lita 50, hizo ni lita 1,500 kwa siku, sawa na mitungi 75 ya lita 20. Tangi la lita 5,000 litawatosha kwa siku tatu na kidogo. Ikiwa mgao katika mtaa huo huja mara moja kwa wiki, ploti hiyo inahitaji akiba ya lita 10,500. Mwenye nyumba anayefanya hesabu hii mapema hatalazimika kusikiliza malalamiko kila Alhamisi.

Tahadhari ni kwamba lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Tangi la lita 10,000 likijaa lina uzito wa tani 10, bila kuhesabu tangi lenyewe. Mzigo huo haupandishwi juu ya paa au slabu kabla mhandisi hajathibitisha kuwa jengo linauweza. Tangi la chini lenye pampu na tangi dogo la juu mara nyingi ni salama zaidi.

Ploti nyingi zina kisima cha maji ya chumvi. Maji hayo yanafaa kwa kusafishia choo na kupiga deki, na huokoa maji matamu. Ni vyema yawe na mabomba yake, yasiyochanganyika na ya maji matamu, na wapangaji waelezwe wazi lipi ni lipi. Yasitumiwe kwa kunywa au kupikia kabla ya kupimwa.

Matangi na mapipa yote yafunikwe. Mbu wanaoeneza homa ya dengue na chikungunya hutaga mayai katika maji safi yaliyotuama, na Mombasa imeshuhudia milipuko ya magonjwa yote mawili. Mfuniko wa tangi ni kitu cha bei nafuu unachoweza kuhesabu miongoni mwa huduma za nyumba.

Choo, majitaka na taka

Sehemu kubwa ya Mombasa haijaunganishwa na mtandao wa majitaka. Nyumba hutegemea mashimo ya majitaka na vyoo vya shimo. Shimo likijaa mvua za masika zinaponyesha, kati ya Machi na Mei, uchafu hutoka hadi uani na mlangoni. Hakuna tangazo wala punguzo la kodi litakalomzuia mpangaji mwenye watoto asihame mwezi huo.

Mwenye nyumba anashauriwa kuita gari la kunyonya majitaka kwa ratiba, kabla ya masika na kabla ya vuli, badala ya kungoja harufu. Shimo liwe na mfuniko imara usioweza kufunguliwa na mtoto, na mahali ambapo gari linaweza kufika.

Katika nyumba za Kiswahili, ambapo vyumba hupangishwa kimoja kimoja pande mbili za ukumbi na wote hutumia uani, choo ndicho kipimo cha nyumba nzima. Mambo madogo yana uzito mkubwa hapa: mlango unaofungika kwa ndani, taa, bomba la chini la kujisafishia, sakafu isiyoteleza na dirisha dogo la hewa. Mahali ambapo wapangaji wengi hutumia choo kimoja, kuongeza choo cha pili huwapendeza kuliko kubadilisha vigae vya ukumbi.

Kuhusu taka, Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 inataka taka zitenganishwe, zinazooza na zisizooza. Ploti yenye mapipa mawili yenye mifuniko, mahali pa kuyaweka pasipo karibu na milango, na mkusanyaji anayekuja kwa siku zinazojulikana, haina nzi wala panya wengi. Gharama ikiwa ndani ya kodi, ugomvi wa nani amelipa na nani hajalipa huisha.

Upepo ni huduma

Mombasa ina joto na unyevu mwaka mzima, na miezi ya Desemba hadi Machi ndiyo mizito zaidi. Chumba kisichopitisha hewa humlazimisha mpangaji kuwasha feni mchana na usiku, na kuta zake huota ukungu. Wazee waliojenga Mji wa Kale walilijua hili, ndiyo maana walijenga dari za juu, madirisha ya mbao yenye mianya na ua wa ndani wa kupitishia hewa.

Mwenye nyumba anayejenga leo azingatie pande ambazo pepo huvuma. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini mashariki, takriban Desemba hadi Machi. Kusi huvuma kutoka kusini mashariki kuanzia Aprili hadi Septemba. Chumba chenye dirisha upande wa mashariki na tundu la kutokea hewa upande wa pili hupata upepo misimu yote miwili. Mahali ambapo jengo la jirani limeziba upande huo, matofali yenye matundu juu ya mlango husaidia kutoa hewa ya joto.

Kwa nyumba iliyokwisha jengwa, kuna hatua za gharama ndogo: wavu wa mbu dirishani ili mpangaji aweze kulala dirisha likiwa wazi, dari chini ya mabati, rangi nyeupe juu ya paa, na ndoano imara ya feni yenye nyaya zilizowekwa na fundi wa stima aliyesajiliwa. Kando ya bahari, chumvi iliyo hewani hula vyuma haraka. Bawaba, grili na misumari ya paa zikiwa za aina isiyoshika kutu, mwenye nyumba hupumzika na gharama za kila mwaka.

Jikoni kunahitaji hewa zaidi. Jiko la makaa ndani ya chumba kilichofungwa hutoa gesi ya sumu isiyo na harufu, na imewahi kuua watu waliolala. Sehemu ndogo ya kupikia yenye dirisha, hata katika chumba kimoja, ni huduma inayookoa maisha.

Stima: mita ya nani, taa ya nani

Malalamiko ya stima mara nyingi huanzia kwenye mita ya pamoja. Kenya Power huwaweka wateja wa nyumbani katika makundi matatu kulingana na matumizi ya mwezi: walio chini ya uniti 30, walio kati ya 30 na 100, na waliozidi 100. Kadiri matumizi yanavyopanda ndivyo bei ya kila uniti inavyopanda. Familia sita zinazotumia uniti 25 kila moja zingekuwa zote katika kundi la chini kama kila moja ingekuwa na mita yake. Zikitumia mita moja, jumla ni uniti 150, na wote huishia kulipa kwa bei ya kundi la juu.

Mita ndogo ambazo wenye nyumba huweka kila chumba husaidia kujua nani ametumia kiasi gani, na hilo hupunguza ugomvi. Haziondoi tatizo la bei, kwa sababu kampuni ya stima bado huona mita moja kuu. Mita ya kila mpangaji kutoka kwa kampuni yenyewe ina gharama mwanzoni, lakini ni mojawapo ya huduma ambazo wapangaji huzitaja kwa wenzao wanaotafuta nyumba. Mahali ambapo mita ni ya pamoja, mwenye nyumba abandike ukutani bei aliyonunulia tokeni na mgao wa kila chumba.

Taa za nje na za ngazini hazina gharama kubwa kama inavyodhaniwa. Taa ya LED ya wati 9 ikiwaka saa 12 kila usiku hutumia takriban uniti 3.2 kwa mwezi. Taa tano ni uniti 16. Balbu moja ya kizamani ya wati 60, kwa saa hizo hizo, hutumia zaidi ya uniti 21 peke yake. Kwa maneno mengine, ploti nzima inaweza kuwa na mwanga kwa gharama ndogo kuliko ya balbu moja ya zamani.

Usalama na faragha

Wafanyakazi wa hoteli za Nyali na Bamburi hurudi usiku. Wanaofanya kazi kwa zamu bandarini na viwandani Changamwe hutoka alfajiri. Kwa hawa, lango linalofungika, taa njiani na funguo yao wenyewe ni muhimu kuliko bustani ya maua. Mwenye nyumba anayefunga lango saa nne usiku bila kuwapa wapangaji funguo asishangae wakihamia kwa jirani.

Kitasa cha mlango kibadilishwe kila mpangaji anapotoka. Grili za madirisha ziwe na sehemu moja inayofunguka kwa ndani, kwa sababu moto ukizuka mlangoni, dirisha ndilo njia iliyobaki. Mtungi wa kuzima moto katika kila ghorofa na ukuta wa usalama juu ya paa la kuanikia nguo ni mahitaji ya kila jengo lenye watoto.

Kamera za usalama zinazidi kutumiwa. Zielekezwe langoni na njiani, si kwenye milango na madirisha ya watu. Picha za watu ni taarifa zao binafsi, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inamtaka anayezikusanya awajulishe na azitunze. Hivyo hivyo kwa nakala za vitambulisho ambazo wenye nyumba huchukua.

Faragha ni sehemu ya usalama. Familia nyingi hazipendi dirisha la chumba cha kulala linalotazamana na mlango wa jirani, wala kamba za nguo zilizo mbele ya barabara. Kioo kisichoonyesha ndani, pazia la mlangoni na kamba za kuanikia zilizo uani hutatua mengi.

Mjue unayempangisha

Baada ya mambo ya msingi, huduma za ziada huchaguliwa kulingana na mpangaji. Ploti iliyo karibu na Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, Tudor, itavutia wanafunzi kwa intaneti, meza ya kusomea na soketi za kutosha. Wahudumu wa bodaboda na madereva wa tuktuk wanataka mahali pa kuegesha chombo ndani ya lango, kwa kuwa chombo hicho ndicho riziki. Familia zenye watoto wadogo zinataka uani penye nafasi na majirani wanaojulikana. Wazee na watu wenye ulemavu wanahitaji chumba cha chini, mlango mpana na njia ya mteremko badala ya ngazi.

Njia rahisi ya kujua ni kuuliza. Mwenye nyumba anaweza kuwauliza wapangaji wake wa sasa maswali mawili: ni kitu gani kinachokusumbua zaidi hapa, na ungekuwa tayari kulipa kiasi gani zaidi kikiwepo? Jibu la swali la pili ni muhimu. Wapangaji wakisema wanataka intaneti ya pamoja lakini hawako tayari kuongeza hata Sh200, huduma hiyo ingoje. Na anayehama aulizwe sababu kabla hajaondoka. Jibu lake huonyesha kile ambacho walio ndani wanaona haya kusema.

Vitu vya kuvutia macho vina nafasi yake. Rangi safi, vigae na dari ya jipsamu humfanya mpangaji aingie. Vinapowekwa juu ya mabomba yanayovuja, huongeza gharama tu, kwa kuwa fundi atalazimika kuvibomoa ili afikie mabomba.

Matengenezo ya haraka

Huduma ambayo haigharimu ujenzi wowote ni kujibu simu. Bomba linalovuja likitengenezwa siku mbili baada ya kuripotiwa, mpangaji huvumilia mengine. Likikaa mwezi, hata vigae vipya havimfurahishi. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na katika ukodishaji ukuta wenyewe ni chumba kitupu.

Mpango mzuri una mambo manne. Kwanza, nambari moja ya simu ya kuripoti, ya msimamizi au ya mwenye nyumba. Pili, daftari linaloandikwa tarehe ya kuripotiwa na tarehe ya kutengenezwa. Tatu, fundi wa mabomba na fundi wa stima wanaojulikana. Nne, akiba ya fedha inayotengwa kila mwezi kutoka katika kodi kwa ajili ya matengenezo pekee.

Sheria inasemaje

Baadhi ya mambo yaliyotajwa hapa si hisani ya mwenye nyumba. Kifungu cha 43 cha Katiba kinatambua haki ya kila mtu kuwa na makazi yanayofaa, viwango vya kuridhisha vya usafi, na maji safi na salama ya kutosha. Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012, kifungu cha 65, inamtaka mwenye nyumba kuhakikisha kuwa nyumba au chumba anachopangisha kinafaa kuishi binadamu mwanzoni na kwa muda wote wa mkataba. Pale anapopangisha sehemu tu ya jengo, ni wajibu wake kutunza paa, kuta kuu, mifereji mikuu na sehemu zinazotumiwa na wote.

Sheria hiyo hiyo, kifungu cha 57, inaeleza kwamba katika upangaji unaolipiwa kila mwezi, anayetaka kuuvunja hutoa notisi isiyopungua mwezi mmoja, awe ni mwenye nyumba au mpangaji. Nyumba ambazo kodi yake haizidi Sh2,500 kwa mwezi zinalindwa pia na Sheria ya Kudhibiti Kodi za Nyumba, Sura ya 296, ambayo ina baraza lake la kusikiliza migogoro.

Mpangaji naye ana wajibu: kulipa kodi kwa wakati, kutunza alichokabidhiwa na kuripoti hitilafu mapema. Mkataba wa maandishi, hata wa ukurasa mmoja, utaje huduma zilizo ndani ya kodi na zile zinazolipiwa kando.

Kabla ya kuchimba au kuongeza

Kuongeza vyumba, ghorofa au vyoo kunahitaji idhini ya kaunti chini ya Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019. Idhini hutafutwa kabla ya fundi kuanza kazi. Kuchimba shimo la majitaka karibu na kisima ni hatari kwa ploti nzima na kwa majirani. Afisa wa afya ya umma aitwe aonyeshe mahali panapofaa.

Mombasa pia ina nyumba nyingi zisizo na ardhi, ambapo nyumba ni ya mtu mmoja na ardhi ni ya mwingine. Mwenye nyumba wa aina hiyo apate kwanza makubaliano ya maandishi na mwenye ardhi kabla ya kuchimba kisima au kujenga tangi la chini. Kwake, huduma zinazohamishika, kama vile matangi ya plastiki, pampu na taa, mara nyingi ndizo salama zaidi kugharimia.

Mpangaji aulize nini

Anayetafuta nyumba anashauriwa kuitembelea mara mbili, mchana na usiku, na kuuliza yafuatayo kabla ya kulipa dipoziti:

• Maji ya mfereji huja siku gani, na akiba ni lita ngapi kwa vyumba vingapi?
• Mita ya stima ni yangu au ni ya pamoja? Kama ni ya pamoja, mgao hukokotolewaje?
• Shimo la majitaka lilinyonywa lini mara ya mwisho, na nani hulipa?
• Taka hukusanywa siku gani?
• Lango hufungwa saa ngapi, na nitapewa funguo?
• Kitu kikiharibika nimpigie nani, na hutengenezwa baada ya siku ngapi?
• Dipoziti hurudishwa kwa masharti gani?

Afungue mabomba, avute maji ya choo, awashe swichi na asimame katikati ya chumba dirisha likiwa wazi ili ahisi kama upepo unapita. Apige picha za kasoro zilizopo na azitume kwa mwenye nyumba siku anayoingia, ili asije akadaiwa baadaye. Majirani waulizwe pia, hasa aliyekaa pale muda mrefu.

Mwenye nyumba anayeweza kuyajibu maswali hayo bila kusita tayari ana huduma nzuri. Asiyeweza, swali lililomshinda ndilo la kuanza kushughulikia.

Wakazi wenye malalamiko kuhusu majitaka yanayotiririka, taka zisizokusanywa au jengo linaloonekana kuwa hatari wanaombwa kuripoti kwa afisa wa afya ya umma au ofisi ya kaunti ndogo iliyo karibu nao. Wenye nyumba wanaopanga kuongeza vyumba, vyoo au matangi ya juu wanakaribishwa kupata ushauri katika ofisi za mipango ya kaunti kabla ya kununua vifaa.